Majilio Bado Si Krismasi

Wewe kijana wa Rodi Kopany uliyepewa kazi ya kupamba kanisa, usikimbilie taa za kumetameta. Majilio ni wiki nne za kungoja: kitambaa cha zambarau madhabahuni, mishumaa minne, kila Jumapili unawashwa mmoja zaidi. Basi!

Lile taji la mishumaa lilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839. Mchungaji Johann Wichern alilitengeneza kwa gurudumu kuukuu la mkokoteni, kwa ajili ya watoto maskini aliowalea. Sasa wewe unashindwaje na rimu ya baiskeli iliyotupwa kwa fundi? Izungushie majani mabichi (yakikauka badilisha, yasishike moto). Na ile hela ya mapambo? Kuna mwanakwaya wenu aliyefukuzwa shule kwa karo.