Antena ni waya tu, jamani!

Wadau, mimi kazi yangu ni kuandika programu, na bado nasema tunaitegemea intaneti kupita kiasi. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, mtandao ulizorota nchi kadhaa za Afrika Mashariki.

Nikitaja redio ya ridhaa hapa Nkubu naambiwa ni mchezo wa matajiri wa Nairobi wenye minara. Si kweli! Kwa megahezi 7.1, antena ni waya wa mita 20 hivi uliogawanywa katikati, ukafungwa kati ya miti miwili shambani.

"Lakini Mlima Kenya unaziba!" Unaziba VHF, ndiyo. Mawimbi ya megahezi 7 kutoka waya wa chini hupanda, mchana yakarudishwa na ionosfea, yakatua hata Nanyuki, ng'ambo ya mlima.

Redio yenyewe ni ghali, nakubali. Basi klabu inunue moja ya wote. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano nayo ni lazima.

Ninyi wenye alama za 5Z4, acheni kubishania urefu wa minara. Leteni waya shuleni Imenti Kusini, mfundishe watoto.

Anayenipinga aseme!