Picha nzuri ni ile isiyomdanganya mnunuzi

Zamani mfanyabiashara wa Bukoba aliyetaka kuuza maharage Kampala alipanda basi akiwa na sampuli kwenye mfuko. Siku hizi sampuli hiyo ni picha. Hupigwa ghalani asubuhi, hutumwa kwa WhatsApp, na kabla ya adhuhuri malipo ya awali yameshaingia kwenye simu. Kuanzia Mutukula hadi Busia, Namanga, Rusumo na Kabanga, picha imekuwa dalali asiyedai ujira.

Dalali huyo ana ndimi mbili. Nyanya nyekundu zilizopangwa juu ya tenga huficha zilizopondeka chini. Kitenge kilichopigwa picha chini ya taa ya manjano hufika kikiwa na rangi nyingine. Viatu vya mitumba vilivyoonyeshwa upande mmoja hufika soli zikiwa zimebanduka. Anayeumia zaidi ni mwenye mtaji mdogo, hasa mama aliyekopa kwenye kikundi. Kurudisha mzigo ng'ambo ya mpaka kunaweza kumgharimu kuliko hasara yenyewe, kwa hiyo hunyamaza, na safari nyingine haagizi tena kutoka nchi jirani.

Basi picha nzuri ni ipi? Jibu moja limo katika historia ya kanda hii. Oktoba 1984, Mohamed Amin, mpigapicha aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, alifika Korem, Ethiopia, na kurekodi hali ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Picha zake zilirushwa na BBC pamoja na taarifa ya Michael Buerk, na watu wa nchi za mbali wakaanza kuchanga. Amin alisogea karibu na kuonyesha hali ilivyokuwa, na aliyekuwa mbali akaamini na kuchukua hatua. Gunia la maharage halilinganishwi na msiba ule, lakini kanuni ni moja: picha nzuri humwezesha asiyekuwepo kuamua kama vile alikuwepo.

Kwa muuzaji, kanuni hiyo ni kazi ya dakika tano. Kwanza ni mwanga. Mzigo utolewe nje, asubuhi au alasiri, maana jua la saa sita hufuta rangi na taa ya ghalani huibadilisha. Programu za kung'arisha picha ziachwe kwa ajili ya harusi. Pili ni kipimo. Samaki asiye na kitu cha kulinganishwa naye hana ukubwa. Awekwe kando ya rula, au mizani ionekane ikiwa na namba zake. Tatu ni undani. Picha moja ionyeshe mzigo wote, nyingine ionyeshe punje kwa karibu, na ya tatu ionyeshe kilichomo chini ya gunia baada ya kumwagwa. Kasoro nayo ipigwe. Mnunuzi aliyeonyeshwa doa mapema hupunguza bei. Aliyelikuta mwenyewe huvunja urafiki.

Mnunuzi naye ana wajibu. Aombe picha za siku ya kupakia, apige zake mzigo unapofunguliwa, na azihifadhi zote pamoja na risiti hadi hesabu zifungwe.

Hata hivyo, kamera ina mipaka yake. Machi 2021 Kenya ilisitisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu hiyo. Mahindi yenye sumukuvu yanaweza kung'aa pichani kama dhahabu. Picha haichukui nafasi ya maabara, na mfanyabiashara asilipe mzigo wa nafaka kwa kuridhishwa na rangi peke yake.

Serikali za kanda nazo zina sehemu yao. Maeneo ya mpakani yana sababu za kiusalama za kukataza kamera, na hilo liheshimiwe. Lakini mwenye mzigo ulioharibika wakati wa ukaguzi anahitaji kuupiga picha palepale. Kila kituo cha pamoja cha mpakani kiweke mabango ya Kiswahili yanayoonyesha wapi kamera ni marufuku na wapi inaruhusiwa, na kitenge mahali ambapo mzigo unaweza kupigwa picha mbele ya ofisa. Vyama vya wafanyabiashara, kwa upande wao, vikubali picha zenye tarehe kama ushahidi wa kwanza vinapopatanisha wanachama wa nchi mbili.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema pia mali bila daftari huisha bila habari. Picha ya kweli hufanya kazi zote mbili: huuza kilicho chema, na hubaki kuwa daftari siku mapatano yanapoleta ubishi.