Nguo hazikauki? Piga hesabu kabla ya kununua mashine

Msomaji mmoja wa Nchiru, mama wa watoto watatu, ameniletea swali ambalo limezua mzozo nyumbani kwake. Zamu yake ya chama inakaribia. Mumewe anataka pesa hizo zinunue mashine ya kukaushia nguo. Yeye alikuwa amezipangia tangi la maji. Mama mkwe naye, aliyewalea wanawe wote kwa kamba na jua, ameshakata shauri: huo ni uvivu wa watu wa siku hizi.

Kwa heshima zote kwa mama mkwe, uvivu haumo katika jambo hili. Aliyeishi upande huu wa Mlima Kenya anajua kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo kwingineko huitwa za vuli na kudharauliwa, hapa ndizo kubwa. Zile za Machi hadi Mei nazo haziachi kuja. Katikati yake kuna ule ubaridi wa Juni hadi Agosti, ukungu unashuka kutoka mlimani na milima ya Nyambene, na sweta ya shule iliyofuliwa Ijumaa jioni inakuwa bado mbichi Jumatatu alfajiri. Mtoto anaivaa hivyo hivyo. Januari na Februari ndiyo miezi ya raha, isipokuwa vumbi la barabara ya Meru kwenda Maua ambalo hulitia shati jeupe rangi nyekundu kabla halijatoka kambani.

Tena Nchiru si ile ya zamani. Tangu Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kipate hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, nyumba za kupanga zimeota kila mahali. Aghalabu chumba cha mwanafunzi hakina ua. Kuna roshani nyembamba, kuna kamba moja ya watu kumi na wawili, na kuna jinzi ya mtu ambayo huenda matembezi isirudi. Ndiyo maana wengi huanika ndani, juu ya mlango, juu ya kiti, hata juu ya kitanda walalacho.

Hapo ndipo pana hatari, na tuiseme waziwazi kabla hatujafika dukani. Lita kadhaa za maji zinazotoka katika nguo haziendi mbinguni. Zinaingia ukutani na ndani ya godoro, kisha kuvu inaota nyuma ya kabati. Mtoto mwenye pumu huumia kwanza. Baya zaidi ni desturi ya kuwasha jiko la makaa chumbani, ukafunga mlango na kulizungushia nguo ili zikauke upesi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Haikuamshi, inakuzidishia usingizi. Ukiwa na mtu wa nyumbani mwenye desturi hiyo, mkataze leo, hata akikununia.

Sasa tuje kwa mashine yenyewe. Wamarekani wanamtaja J. Ross Moore wa North Dakota kuwa ndiye aliyebuni mashine ya umeme iliyoanza kuuzwa mwaka 1938. Kazi yake haijabadilika sana tangu hapo: pipa linazungusha nguo, hewa ya moto inapita katikati yake na kubeba unyevu. Tofauti iko katika unyevu huo unapelekwa wapi.

Ya kwanza hutoa mvuke nje kwa bomba nene. Ndiyo rahisi kununua, lakini lazima utoboe ukuta au upitishe bomba dirishani. Asiyetoboa huishia kuugeuza mvuke huo kuwa mvua ya chumbani, na kazi yote imekuwa bure. Mpangaji asiyeruhusiwa hata kupigilia msumari asahau mashine hii.

Ya pili haihitaji bomba. Huupoza mvuke ukawa maji, yakajaa katika kitasa unachomwaga mwenyewe. Ya tatu ni dada yake mwerevu. Ina kompresa kama ya friji, nayo huuchukua tena ule ule moto badala ya kuutupa. Dukani huitwa hiti pampu. Hukausha polepole, bei yake iko juu, lakini hula takriban nusu ya stima ya wenzake au chini ya hapo. Nchini Uswisi, tangu 2012, huwezi kununua mashine mpya ya nyumbani ya aina nyingine, na wale si watu wasiojua hesabu.

Basi na sisi tuipige hesabu. Chukua kilo sita za nguo za pamba. Zikikamuliwa kwa mkono, hata uwe na misuli ya mchimba mawe, hubaki na maji yapatayo lita sita. Zikitoka katika mashine ya kufulia inayozunguka mara 800 kwa dakika, zinabaki na lita nne hivi. Ikizunguka mara 1,400, zinabaki lita tatu. Kugeuza lita moja kuwa mvuke kunahitaji karibu thuluthi mbili za uniti ya stima hata kama hakuna kinachopotea. Mashine ya kawaida hupoteza, kwa hivyo weka uniti moja kwa kila lita. Kwa bei ya kukadiria ya Sh30 kwa uniti, pamoja na kodi na ada zake, nguo hizo zilizokamuliwa kwa mkono zitakugharimu Sh180 kukausha. Zile za mizunguko 1,400 ni Sh90. Ukizitia katika hiti pampu, Sh45 au pungufu.

Ukiwa na watoto watatu, mafungu manne kwa juma si mengi. Hayo ni 16 kwa mwezi. Kwa mashine ya kawaida na nguo zenye lita nne za maji, umekula uniti 64, yaani Sh1,920, na bado hujapiga pasi.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Katika viwango vya stima vilivyoanza Aprili 2023, anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kuliko wote, wa 31 hadi 100 hulipa zaidi, na anayepita 100 hulipa zaidi ya hapo. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 ikiongeza hizo 64 imevuka mpaka. Kwa hivyo si mashine pekee itakayokuwa ghali. Taa, runinga na friji uliyokuwa nayo siku zote vitapandishwa bei pamoja nayo. Mwanafunzi anayeishi katika uniti 25 akifikiria kununua mashine kwa shirika na wenzake, nusu ya faida yake inaliwa na mpaka huo kabla nguo ya kwanza haijakauka.

Mimi kwa hivyo naanza na mashine nyingine kabisa, ambayo watu huipita dukani bila kuitazama. Ni ile ya kukamulia, ama iwe peke yake ama iwe upande wa pili wa zile mashine za kufulia zenye matangi mawili. Haina moto wowote. Inazungusha tu, mara 1,300 kwa dakika au zaidi, na maji yanatoka kwa mrija chini. Ikiwa ni ya wati 300 na ukaiwasha dakika tano, umetumia stima ya chini ya shilingi moja. Bei yake kwa kawaida haifiki nusu ya ile ya kukausha kwa moto. Nguo inatoka bila kuchuruzika, na iliyokuwa ikikaa kambani siku mbili inakauka mchana mmoja wenye upepo. Yeyote anayekaa Nchiru na ana pesa za mashine moja tu, anunue hiyo.

Kisha amwite fundi wa mabati. Banda la kuanikia, lililoezekwa kwa yale mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, pande mbili zikiwa wazi, hufanya kazi siku za manyunyu ambazo kamba ya nje haifai kitu. Joto hukusanyika chini ya paa na upepo hupita. Mwenye nyumba za kupanga akijenga banda la namna hiyo na kulitia kufuli, atapunguza malalamiko ya kuvu na ya jinzi zilizopotea kwa mara moja. Ajabu ni kuwa wengi hujenga ghorofa tatu wasifikirie mpangaji ataanika wapi.

Je, kuna anayehitaji mashine ya moto? Wapo. Nyumba yenye mtoto mchanga na mgonjwa wa kitandani ambaye shuka zake hubadilishwa kila siku haiwezi kungoja jua la Januari. Anayefanya biashara ya dobi karibu na chuo vilevile, maana mteja wake analipia nguo zirudi kesho. Kwa hawa nasema hiti pampu, na wa biashara kubwa apime pia zile za gesi.

Ukiamua, usianzie kwenye rangi ya mlango. Anzia ukutani. Mashine nyingi za moto huvuta wati 2,000 hadi 2,500, na soketi yetu ya ampea 13 kwa volti 240 haipiti wati 3,120. Inatosha, lakini kwa mashine peke yake. Ukiiunganisha kwa waya wa kuongezea pamoja na birika la umeme, utanusa plastiki inayoungua. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA aangalie unene wa nyaya, maana nyumba nyingi za kupanga zilifungwa stima kwa ajili ya taa, redio na pasi tu. Ukiichukua hiti pampu kutoka mjini Meru ikiwa imelazwa nyuma ya pikapu, isimamishe siku nzima kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Halafu kuna kichujio. Nguo zikizunguka hutoa vijinyuzi, na vijinyuzi ni kuni. Visafishe kila baada ya fungu, si kila mwezi. Uingereza walilijua hili kwa uchungu: Novemba 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba mamilioni ya mashine zake zilizouzwa kwa majina kama Hotpoint, Indesit na Creda zilikuwa na hatari ya vijinyuzi kugusa chuma cha moto. Agosti 2016 jengo la ghorofa huko Shepherd's Bush, London, lilishika moto ulioanzia katika mashine ya Indesit. Nawaambia haya kwa sababu vyombo vilivyotumika Ulaya huuzwa hapa kwetu kwa bei ya kuvutia. Soma jina na namba ya modeli, uitafute kwenye simu yako kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikuharakisha, nenda zako.

Na stima ikipotea katikati ya kazi, kama inavyopenda kufanya mvua ikinyesha, fungua mlango uzitoe nguo na kuzitandaza. Rundo la nguo moto zilizobanana huendelea kujipasha ndani kwa ndani. Zilizoingia mafuta ya kupikia au petroli zisikaribie mashine hiyo hata baada ya kufuliwa.

Sasa nirudi kwa mama yetu wa chama. Mama, mwambie baba watoto kwamba wote wawili mna haki, ila tangi litangulie, kwa kuwa mashine ya kufulia bila maji ni kabati tu. Maji ya paa la nyumba yako wakati wa Novemba yatajaza tangi hilo bila ya kumlipa mtu. Zitakazobaki zinunue ile ya kukamulia. Zamu nyingine ikifika, na kama bado sweta zinawasumbua, mwende dukani pamoja mkaulize hiti pampu, mkiwa na risiti za tokeni za miezi mitatu mkononi ili mjue mko upande gani wa ule mpaka wa uniti 100. Sweta za sufu zenyewe msizitie katika moto wa mashine yoyote. Zitatoka zikimfaa mwanasesere.