Gobore bila leseni, kesi ya uhujumu uchumi

NCHINI Tanzania, mkulima anayekutwa na gobore la urithi, alilokuwa akifukuzia nguruwe mwitu shambani, hukabiliwa na sheria ileile inayomngoja jambazi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inauliza kwanza leseni, si nia.

Kizito zaidi, kosa hilo limo katika orodha ya uhujumu uchumi, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 inataja kifungo cha miaka 20 hadi 30.

Hata hivyo, kesi haisikilizwi bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Karatasi hiyo si ndogo: Mahakama ya Rufani imekwishafuta hukumu kadhaa kwa kukosekana kwake. Mwenye gobore asiye na wakili ni nadra kujua aiulizie.