Waya ukikatika, useme umekatika

Msimu wa palizi, jembe lilikata waya wetu hapa Iyula. Waya ule ulishuka kutoka tenki la mlimani hadi kwenye pampu bondeni, ukibeba volti: sifuri tenki tupu, kumi tenki limejaa. Ulipokatika, pampu ilisoma sifuri, ikaamini tenki limekauka, ikasukuma maji usiku kucha. Alfajiri nilikuta kitalu cha miche ya kahawa cha mama mmoja kimesombwa. Mama yule hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mimi ni fundi umeme. Nasema miradi ya maji vijijini iache vipimo vya volti, idai vya mkondo: miliampea 4 hadi 20.

Volti huweza kupungua njiani, tena huchafuliwa upesi na mota iliyo karibu. Mkondo ukizungushwa kwenye kitanzi kimoja, unaotoka ndio unaorudi, kama maji kwenye bomba lisilovuja. Mradi chanzo, mara nyingi cha volti 24, kinaushinda ukinzani wa waya, namba ya mlimani ndiyo itakayosomeka bondeni. Na nyaya mbili zinatosha kukipa kipimo umeme na kuleta habari yake.

Kubwa zaidi, tenki tupu husomeka 4. Sifuri haina kazi nyingine ila kutangaza hitilafu: waya umekatika au kipimo kimekufa. Hapo pampu isimame, kengele ilie.

Hekima hii ni ya zamani. Mashine za teleksi zilipeleka herufi kwa kitanzi cha miliampea 60, baadaye 20, biti moja baada ya nyingine: mkondo ukipita ni moja, ukikatwa ni sifuri. Hata pasipo ujumbe mkondo uliendelea kupita. Waya ukikatika, mashine ilianza kugonga ovyo, na mhudumu akajua njia imeharibika.

Kitanzi hakizuii radi. Kinga yake lazima ibaki. Lakini kinatuondolea ule uongo wa kimya.

Ndugu zangu wa jumuiya za watumia maji, siku ya kukabidhiwa mradi mwambieni fundi achomoe waya mmoja mbele yenu. Pampu ikisimama na kengele ikalia, tieni saini. Ikiendelea kusukuma, arudi kazini.