Uchochezi wa Nani, Dhidi ya Nani?

Wananchi wenzetu wa Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati na Jericho, nanyi waumini mnaotusoma baada ya ibada:

Neno "uchochezi" limebebeshwa mashtaka mawili yasiyo na undugu. La kwanza ni kumhimiza mtu amdhuru jirani yake. La pili lilikuwa kumchukiza mtawala.

Hilo la pili ndilo lililomfunga Mchungaji Lawford Imunde wa PCEA mwaka 1990. Alihukumiwa miaka sita kwa maneno aliyoyaandika katika shajara yake mwenyewe. Twauliza, shajara ya mtu humchochea nani? Tarehe 7 Julai mwaka huohuo, wananchi waliokwenda Kamukunji walipokewa kwa marungu na gesi ya machozi. Matiba na Rubia, walioitisha mkutano, walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini tarehe 4. Hotuba iliyoogopwa haikutolewa kamwe. Na siku zote hizo kifungu cha 79 cha Katiba ya zamani kilitangaza uhuru wa maoni, huku kikiuzungushia vighairi hata Kanuni ya Adhabu ikapata pa kupenya.

Kosa hilo lilifutwa mwaka 1997. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inaitaja mipaka waziwazi: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi na utetezi wa chuki, tena inatudai tuheshimu haki na sifa za wenzetu. Mipaka hiyo twaitetea. Sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta na kila kabila tuliona mapema mwaka 2008 chuki inavyozaa. Anayewaita majirani zetu "madoadoa" hatutamtetea, hata akiwa wa upande wetu, hata akiwa mimbarini.

Je, mkubwa aliyechafuliwa jina? Ana mlango wa kesi ya madai kama sisi sote. Februari 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfanya mtu mhalifu kwa sababu ya kashfa ni kinyume cha Katiba.

Ilhali Juni 2025 Albert Ojwang', mwalimu, alikamatwa Homa Bay kwa ajili ya maandishi kumhusu mkubwa wa polisi, akaletwa hadi Kituo cha Central, Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi kabla ya kumwona hakimu. Kama maandishi yale yalikuwa uongo, mawakili wapo, na mahakama ya Milimani haiko mbali na kituo kile.