Kosa la Kalamu Lisiwe Hukumu

Kila mwaka, baada ya matokeo ya mtihani wa KCSE kutangazwa, maelfu ya vijana wa Kenya hujaza fomu za kuomba nafasi katika vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi. Aghalabu mijadala yetu kuhusu shughuli hii hujikita katika alama, karo na uchache wa nafasi. Ni nadra kusikia mjadala kuhusu jambo linaloonekana dogo, ilhali linaweza kumpotezea kijana miaka minne ya maisha yake: kosa lililomo ndani ya fomu, likagunduliwa baada ya fomu hiyo kuwasilishwa. Makala haya yananuia kuliangazia suala hilo. Hoja yangu ni kwamba tumelibebesha neno 'kosa' mambo matatu yasiyofanana, na kwa sababu hiyo anayestahili kurekebishiwa husukumwa kando pamoja na asiyestahili.

Jambo la kwanza ni hitilafu ya uandishi. Mwombaji alikusudia hili, kidole kikaandika lile: herufi imerukwa, tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, mwaka wa kuzaliwa umekosewa. La pili ni majuto ya uteuzi. Hapa mwombaji aliandika alichokusudia, lakini baadaye akatambua kwamba hakuifahamu vyema kozi aliyoichagua, au nia yake imebadilika. La tatu ni hila: mtu ameandika alama asizozipata au ameambatisha cheti kisicho chake, na sasa anaita udanganyifu huo 'kosa' kwa kuwa amegunduliwa. Mwenye hitilafu anaomba ukweli wake uandikwe. Mwenye majuto anaomba uamuzi mpya. Mwenye hila aliuficha ukweli kwa makusudi. Kiswahili hakikosi maneno ya kuwatofautisha watu hawa. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyatumia.

Ili kuelewa jinsi hitilafu zinavyozaliwa, yafaa tutazame njia ambayo maombi hupitia. Kwa miaka mingi wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma waliteuliwa na Bodi ya Pamoja ya Udahili, iliyojulikana kwa ufupisho wa JAB. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda chombo kingine, KUCCPS, ambacho hugawa nafasi za vyuo vikuu na vyuo vya kadri. Fomu ya karatasi ilitoa nafasi kwa tovuti. Mabadiliko haya yameleta manufaa yasiyoweza kupuuzwa: mwombaji wa Lodwar hahitaji kusafiri hadi Nairobi, na huweza kuona mwenyewe alichokiomba. Hata hivyo, tovuti ina tabia moja ambayo karatasi haikuwa nayo. Karatasi ilipita mikononi mwa mwalimu, ambaye angeweza kushtuka na kuuliza, "Wewe, hii ndiyo kozi uliyoitaka kweli?" Tarakilishi haishtuki. Hupokea ilichopewa.

Isitoshe, kozi katika tovuti hiyo hutambulishwa kwa nambari ya tarakimu saba. Shahada moja ikifundishwa katika vyuo vitano, huwa na nambari tano tofauti. Tarakimu moja ikiteleza, aliyekusudia chuo kilicho karibu na kwao hujikuta ameomba kilicho upande wa pili wa nchi. Tena si kila mwombaji hujaza fomu kwa mkono wake. Wengi huenda saiba, wakampa mhudumu nambari ya mtihani na cheti cha kuzaliwa, naye akajaza huku foleni ikirefuka nyuma yao. Ikiwa ni jioni ya siku ya mwisho na mtandao unakwama, ni nani atakayerudia kusoma kila mstari?

Nitatoa mfano ulio karibu na idara zetu. Mwanafunzi anataka kuwa mwalimu wa Kiswahili. Kozi anayoihitaji ni Shahada ya Elimu (Sanaa). Katika orodha hiyo hiyo ipo Shahada ya Sanaa, ambayo pia ina Kiswahili. Kwa asiyejua, majina haya ni kama ndugu wa tumbo moja. Lakini Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) haimsajili mwenye Shahada ya Sanaa kuwa mwalimu wa sekondari mpaka aongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Tofauti ya mstari mmoja kwenye fomu huwa tofauti ya muda zaidi wa masomo na karo nyingine, ambayo mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe hanayo. Baadhi ya vijana huugundua ukweli huu wakiwa tayari darasani, wameketi kando ya wenzao wa Elimu, wakisikiliza mhadhara ule ule wa fonolojia. Ikiwa mwanafunzi huyo alibofya mstari usio wake, hiyo ni hitilafu. Ikiwa hakuwahi kuelezwa tofauti ya shahada hizo, hayo ni majuto, nasi tuliomtangulia tuna sehemu yetu ya lawama.

Mfano wa pili ni wa majina, na hapa wanaisimu wana la kusema. Katika Kiswahili ritifaa si pambo. Sauti ya 'ng' katika neno 'ngoma' si sauti ya 'ng'' katika neno 'ng'ombe'. Kanuni hii huhitajika pia katika majina mengi ya Wakenya, kama vile Ng'ang'a, Ng'eno na Nyong'o. Si ajabu mfumo wa tarakilishi kuikataa alama hiyo, au karani mmoja akaiandika na mwingine akaiacha. Vivyo hivyo pwani na kaskazini mashariki, jina moja lenye asili ya Kiarabu huandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Mohammed katika cheti cha mtihani na Muhammad katika kitambulisho. Mtu ni mmoja, jina ni moja, lakini tarakilishi huona watu watatu. Mwenye jina huambiwa akaape mbele ya wakili, na pengine atafute hati rasmi ya kubadili jina, kana kwamba yeye ndiye aliyeamua kujiita vingine. Hakubadili jina lake. Anaomba liandikwe sawasawa.

Je, sheria inasema nini? Watu wengi hudhani kwamba kurekebishiwa fomu ni hisani ya afisa. La hasha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35(2), inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zinazopotosha, ambazo zinamwathiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imelifafanua jambo hilo zaidi: anayehifadhi habari za mtu anaweza kutakiwa na mwenye habari hizo kuzirekebisha bila kuchelewa pasipo sababu, zikiwa si sahihi, zimepitwa na wakati au hazijakamilika. Kifungu cha 47 cha Katiba nacho kinadai utendaji wa haki katika ofisi za umma, na kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa apewe sababu kwa maandishi. Jibu la "mfumo umefungwa" linalotolewa dirishani kwa mdomo haliwezi kuwa sababu inayotosha.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kwamba muda wa mwisho huwekwa ili kazi iishe. Iwapo kila mwombaji ataruhusiwa kubadili kila kitu wakati wowote, orodha ya walioteuliwa haitakamilika asilani. Watasema pia kwamba nafasi ya Udaktari au Uanasheria ikishagawiwa, kumrudisha aliyekosea ni kumwondoa asiyekosea. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nakubaliana nao kwa upande mmoja, na hapa ndipo tofauti tuliyoiweka mwanzoni inapotusaidia. Mwenye majuto anataka nafasi nyingine, na nafasi ni mali ya wote. Ni haki afuate utaratibu uliopo: abadilishe machaguo yake wakati dirisha la marekebisho liko wazi, au aombe uhamisho baada ya kuteuliwa, na akubaliwe tu endapo alama zake zinatosha na chuo anachokitaka bado kina nafasi. Mwenye hila naye ashughulikiwe kama sheria inavyosema. Lakini kurudisha ritifaa katika jina la Ng'eno kunampokonya nani nafasi? Kusahihisha mwaka wa kuzaliwa ili ulingane na cheti kunamdhulumu nani? Hitilafu za aina hii hazimgusi mwombaji mwingine hata kidogo. Kuzifungia katika dirisha lile lile linalofungia machaguo ni kuchanganya mchele na chuya. Zikiachwa, hukua. Jina lisilolingana huenda likazuia mkopo wa HELB, kisha usajili wa chuo, na hatimaye kusumbua siku ya kuchapishwa kwa shahada. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa niwageukie wenzangu wa Kiswahili, kwa sababu suala hili ni letu kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni mojawapo ya lugha mbili rasmi. Pamoja na hayo, maelezo mengi ambayo mwombaji husoma kabla ya kubofya kitufe cha mwisho ni ya Kiingereza. Kijana mwenyewe huenda akakimudu, lakini mzazi anayelipa na anayepaswa kushauri hukaa kando kama mgeni. Hatua za kuhifadhi, kuthibitisha na kuwasilisha ni tatu, na kila moja ina matokeo yake. Anayehifadhi bila kuwasilisha huamini ameomba, kumbe hajaomba. Anayewasilisha akidhani anahifadhi hufunga mlango akiwa bado nje. Maneno ya Kiswahili ya hatua hizi tunayo. Hayajawekwa tu mbele ya wanaoyahitaji. Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu istilahi. Ni zipi kati ya istilahi hizo zimemfikia mzazi aliyeketi saiba?

Lipo pia suala la barua. Hitilafu inapogunduliwa baada ya fomu kufungwa, silaha ya mwombaji ni barua rasmi. Tumefundishwa barua hiyo tangu sekondari: anwani mbili, mtajo wa kichwa baada ya MINT au KUH, na sahihi mwishoni. Lakini tulifundishwa kuiandika ili tupate alama za mtahini, si ili ofisi itende jambo. Matokeo yake ni barua zinazoanza kwa salamu ndefu, zikapita katika historia ya umaskini wa familia, na kulitaja kosa lenyewe katika mstari wa mwisho. Barua ya kuomba tarakimu moja irekebishwe haihitaji methali tatu. Inahitaji mambo matano: nambari ya mtihani na ya maombi, kilichoandikwa, kilichopaswa kuandikwa, ushahidi, yaani nakala ya cheti, na ombi la kujibiwa kwa maandishi. Mwombaji abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, au aihifadhi barua pepe aliyoituma. Aandike siku ile ile anapoliona kosa. Asijaze fomu ya pili kwa siri akitumaini kwamba ya kwanza itasahauliwa, maana maombi mawili yanayopingana humfanya mwenye hitilafu afanane na mwenye hila.

Kutokana na haya, napendekeza mambo matatu. Mosi, vyombo vya udahili vitenganishe dirisha la kusahihisha habari za mwombaji na dirisha la kubadili machaguo, na lile la kwanza libaki wazi hadi siku ya kusajiliwa chuoni. Pili, fomu isipokelewe kabla ya mwombaji kuonyeshwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, unaotaja jina lake, kozi na chuo kwa maneno kamili badala ya nambari tupu. Tatu, chama chetu kitayarishe kijikaratasi cha Kiswahili chepesi kinachoeleza hatua za maombi, tofauti ya shahada zinazofanana majina, na kielelezo cha barua ya marekebisho. Wanachama wetu hurudi nyumbani wakati wa likizo katika kaunti zote. Kila mmoja akikibandika katika saiba ya soko la kwao na katika shule aliyosomea, tutakuwa tumefanya kazi ambayo makongamano mengi hayajaifanya.

Pendekezo la tatu halihitaji kibali cha wizara wala bajeti ya serikali. Linahitaji wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza na ya uzamili, mhadhiri mmoja wa kuhariri, na pesa za kupiga chapa. Msimu ujao wa maombi usitukute tukijadili iwapo tuandike 'kozi' au 'programu', huku kijana wa jirani akipelekwa katika shahada asiyoiomba.